Kwenda na Kurudi

Kijisanduku cheupe alichofunga fundi Chilumba
kina taa nne, zote zinasema kijani.
Mimi siziamini.
Miaka kumi na tisa nilikaa Posta na Simu, chumba cha mitambo,
hedifoni kichwani, waya mkononi,
"Newala hapa. Masasi, nipe laini. Masasi, unanisikia?"
Naujua waya unaoitika
na waya unaojifanya.

Msimu wa salfa taa zilikuwa hivihivi,
kijani, kijani, kijani, kijani,
na siku mbili nzima Ausi anapiga toka Bukoba
anaambiwa na mwanamke asiye na jina
kwamba namba hiyo haipatikani.
Nami niko hapa nachambua mbaazi,
hatua tatu kutoka kwenye simu,
nadhani mwanangu amenisusa.

Taa inakwambia sanduku liko macho.
Haikwambii kama lina masikio.

Ndiyo maana ya kaunta buku hii.
Kila siku saa kumi na moja jioni, kwenda na kurudi.
Kwenda ni rahisi: nainua mkono wa simu, nasikiliza mlio,
nampigia Fadhina wa dukani, namuuliza bei ya sukari
ambayo naijua.
Kurudi ndiko kwenye kazi.
Kitochi changu hukamata mtandao dirishani jikoni tu,
tena ukielekeze bondeni, upande wa Ruvuma,
na ukizidisha kidogo
kinakukaribisha Msumbiji.
Basi nabonyeza namba ya nyumba, nakisimamisha
ndani ya kikombe cha bati,
halafu magoti haya haya, mbio, mpaka sebuleni.

Ikilia, napokea. "Haloo, Newala."
Hanijibu mtu.
Ila nasikia birika linatokota,
tetea anagombana na sufuria tupu,
bomba la pipa linadondosha maji niliyoyanunua kwa ndoo,
tone, tone, hela yangu hiyo,
na yote yananifikia yamechelewa kidogo
kama wageni waliopitia kwingine.
Kumbe ndivyo nyumba yangu inavyosikika
mimi nisipokuwemo.

Siku ya kwanza nilikaa nikasikiliza
mpaka salio likakata.

Mnyambe alichungulia juu ya ua akasema,
"Mama Ausi, siku hizi unajipigia mwenyewe?"
Najipigia, nikamwambia, na leo nimepatikana.
Alicheka mpaka akaketi chini,
kwenye mchanga mwekundu, na kanzu yake ya Ijumaa.

Jumatatu: imekwenda, imerudi.
Jumanne: imekwenda, haikurudi. Nimechomoa,
nimehesabu mia moja, nimechomeka. Imerudi.
Jumatano: umeme hakuna. Nimepiga hivyohivyo.
Alhamisi sikuandika. Mguu.
Ijumaa: imerudi, lakini sauti kama ya mtu ndani ya mtungi.
Chilumba anasema hakuna mteja wake mwingine
anayemletea malalamiko yenye tarehe.

Jana nilibonyeza, nikakitia kikombeni,
sijavuka kizingiti,
simu ya sebuleni ikalia.
Imewahi leo, nikasema moyoni.
Nikainua, nikatega sikio nisikie birika langu.

"Mama?"

Nyuma yake mvua, mvua nene ya kwao kule.
Hapa kwetu hata umande haujaanguka wiki nzima.
"Mama, mbona umepokea haraka hivyo?
Ulikuwa umekaa juu ya simu?"
"Nilikuwa napita," nikasema. "Napita tu."

Na kule jikoni, ndani ya kikombe cha bati,
yule mwanamke asiye na jina
alikuwa analiambia birika
kwamba namba hiyo, kwa sasa, inatumika.