Nguo ya Kuazima

Moscow, Machi 1922

Walinipa siku sita na makoti kumi na moja,
makoti meusi ya mikia, kutoka ghala la mali iliyotaifishwa,
yananuka nondo, na manukato ya wanawake
waliokwishakimbilia Paris.
Hati ya kazi ilikuwa na muhuri wa Komisarieti ya Mambo ya Nje
na mwandiko wa mtu mwenye haraka:
Ndugu Zelman, wajumbe wetu wanakwenda Jenoa.
Wasichekwe.

Wasichekwe!
Miaka minne tumewaambia walimwengu
kwamba mabwana zao ni maiti zinazongoja kuoshwa.
Tumevunja makasha ya chuma, tumeianika mikataba ya siri ya mfalme
kama nguo za ndani kambani.
Leo tunakwenda kuketi meza moja na maiti hao hao,
na itifaki, nasikia, haijapinduliwa:
chakula cha jioni huliwa kwa mkia.

Wa tatu kupimwa alikuwa Averyan Lomtev,
mpanga herufi zamani, kisha mfungwa.
Miaka saba ya kupasua magogo Yakutsk
ilimpa mabega ambayo hakuna baroni aliyeyahitaji.
Alisimama juu ya kibao changu kama ng'ombe mnadani,
akijifunza Kifaransa chini ya pumzi:
nimefurahi kukufahamu, bibi,
nimefurahi kukufahamu.

Nikaligeuza koti nifumue kwapa.
Mkono ukasita.
Mzazi hutambua mwanawe hata gizani.
Mshono ule ni wangu, na ile pindo ya ziada
aliyonifundisha marehemu baba,
isiyoonekana ila na anayeifumua.
Mwaka 1911. Baroni Shtrekh. Rubli mia moja na arobaini.
Bili niliipeleka mara tano;
mara ya tano mbwa walinisindikiza hadi langoni.

"Ndugu Lomtev," nikasema, pini mdomoni,
"huko Jenoa mtazungumza nini?"
"Madeni. Wanataka tulipe alichokopa mfalme.
Reli alikopa, mizinga alikopa,
hata kamba ya kutunyongea ilikuwa ya mkopo."
"Mtalipa?"
"Sisi si warithi wake."

Nikaitoa bili kwenye mtoto wa meza,
njano kama jino.
Wahenga walisema dawa ya deni kulipa,
hawakusema nani ainywe
mgonjwa akishatoweka.
Akaisoma. Akairudia. Mpanga herufi hasomi kwa kurukaruka.
"Zelman, mdeni wako yuko Paris."
"Najua. Na koti liko mgongoni kwako."

Nje mtu alikuwa anavunja barafu kwa sururu.
Aliona haya, hilo nitamshuhudia.
Akatoa nusu mkate mfukoni, akauweka juu ya cherehani,
kisha akauliza kama kwapa laweza kuachiwa zaidi kidogo,
maana huenda ikabidi anyanyue mkono
kupinga.

Aprili magazeti yakafika. Walichekwa, lakini kidogo.
Jumapili moja walichomoka mkutanoni
wakaenda mji wa jirani, kando ya bahari,
wakatiliana sahihi na Wajerumani:
maskini wawili, mifuko mitupu, wakafutiana madeni,
wakubwa wakabaki na hasira na supu yao.
Picha ilikuwa na ukungu. Uso wa Lomtev sikuutazama.
Nilitazama bega la kushoto.
Halikuvuta.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, husema watu.
Ile sijui ilikuwa ya namna gani.
Haikuazimwa, haikununuliwa,
na neno kuiba tulikuwa tumekwishalifuta.

Jambo moja sikumwambia.
Kola ya baroni ilikuwa imelegea, inataka karatasi ngumu ndani,
na karatasi mwaka ule haikupatikana hata ya kuandikia vifo.
Nikakata niliyokuwa nayo.
Basi rubli mia moja na arobaini ziliingia ukumbini Jenoa,
zikamkaa shingoni akisema hatudaiwi,
na kila alipoinamisha kichwa kumsikiliza mkalimani
nadhani zilimchoma kidogo,
hapa, chini ya sikio.