Kitabu Kilisema Wekundu

Chuoni walitupa kitabu chenye picha:
mikono myeupe, migongo myeupe,
na chini ya kila picha neno lile lile: wekundu.
Nikalikariri. Nikafaulu.
Nikapangiwa zahanati ya Pongwe, njia ya Muheza,
na wiki nzima ya kwanza
sikuona wekundu hata mmoja.

Niliona zambarau ya biringani iliyolala sokoni.
Niliona weusi juu ya weusi, kijivu cha jivu lililopoa,
na mtoto wa Mwanakheri, ana homa, anakohoa,
macho yanamtoka machozi, lakini uso
ukiutazama, mzima.
Nikampitishia kidole nyuma ya sikio.
Mchanga.
Surua, nimeisoma kama kipofu asomavyo.
Tangu siku hiyo mkono hutangulia, jicho hufuata.

Ngozi ina lahaja zake.
Ile inayowasha usiku, katikati ya vidole,
inayohama kitanda hadi kitanda,
usimuulize mgonjwa; uliza nyumba nzima nani anajikuna.
Na dawa wapake wote. Upele huicheka dawa ya mtu mmoja.
Ile inayochora duara, ukingo umenyanyuka,
katikati peupe kama uwanja uliofagiliwa,
hiyo ni fangasi, si muhuri wa mchawi,
na Mama Kijakazi aache kuipaka mafuta ya breki.
Ile inayoshika upande mmoja wa mbavu,
malengelenge yamejipanga mkanda, yanachoma,
hapo nafunga mlango, navuta kiti,
nazungumza taratibu habari ya kupima damu.

Februari kila mtu ana vipele vya joto.
Oga, nasema, vaa nguo nyepesi, ngojea masika.
Wanaondoka wamenuna kwa kukosa sindano.

Akaja bi harusi wa siku nne kutoka Makorora,
mikono kaificha ndani ya buibui.
Piko. Yale maua yote, na majani,
na herufi za jina la mume,
yamevimba, yamejaa maji;
ningeweza kumsoma mume gizani.
"Hasidi huyo," akasema shangazi.
"Rangi ya nywele hiyo, wameitia kwenye piko," nikasema.
Tukapatana kwamba hasidi ndiye aliyeiuza.

Lakini niliyetaka kumsema ni Hizza Shekalaghe,
mkata mkonge tangu ujana,
aliyemleta mjukuu wake mwenye upele.
Yeye mwenyewe hakuwa na shida, alisema.
Mikono ina vipele vya utomvu, kama ya wakataji wote.
Akawa anajikuna tunavyoongea,
akajikuna hapa, akajikuna pale,
akaruka mahali pamoja juu ya kiwiko.
Baka. Limepauka kidogo, kubwa kama kiganja cha mtoto.
Na kwenye kidole cha shahada, jeraha la moto.
"Uliungua lini?"
Akalitazama kama barua ya mtu mwingine.
"Sijui, mwanangu. Labda sufuria ya uji."

Nikachukua pamba. Fumba macho, nikamwambia,
unionyeshe kwa kidole kila ninapokugusa.
Begani: hapa. Shingoni: hapa.
Kwenye baka nikagusa. Nikagusa tena.
Na yeye, mtiifu, kafumba macho,
ananingoja nianze.

Kitabu kilikuwa na kurasa arobaini za kuwasha
na mistari mitatu ya kisichowasha.
Nikamwambia jina la ugonjwa bila kulipamba.
Nikamwambia dawa ipo, haiuzwi, ni ya miezi,
na kwamba wa nyumbani kwake nitawaangalia wote,
na kwamba hakuna wa kumtengea sahani.
Akanyamaza. Nje mashine ya kusaga ikazimika, ikawaka.

"Na huyu mjukuu?"
"Huyu ana upele tu, babu. Anawashwa."
"Anawashwa," akarudia, "anawashwa,"
akamgeukia mtoto aliyekuwa anajikuna tumbo kwa mikono miwili,
na kwa mara ya kwanza katika kazi hii
hakuna aliyemkataza.