Mpangaji na Baridi

Dalali Chitanda kanionyesha vyumba vinne Mikumbi.
Kila mlango ulifunguka, ukamwona mbwa,
ukakumbuka una mpangaji tayari.

Kodi ya miezi sita ninayo, nasema.
Pesa haina pua, wananijibu, huyo anayo.

Tumetoka Njombe, mimi na Baridi.
Jina nilimpa siku ya ukungu;
hapa Lindi watoto wanaliita huku wakifuta jasho.

Bi Somoe hakufunga.
Alichora mstari wa mkaa barazani:
"Huku kwangu, huko kwake. Ndoo yangu asiiguse."

Usiku chumvi inatafuna bawaba.
Baridi kalala, pua mstarini,
hajauvuka.

Alfajiri naukuta umefutika kidogo,
na kichwa cha changu
upande wetu.