Chupa ya Mwisho

Agosti, huku Imereti, hakuna anayelala mapema.
Plamu huiva zote siku moja, kama zilizokula njama.
Mama mkwe alisimama jikoni, mvuke umemlowesha hadi viwiko,
akinifundisha kwa ukali wa mtu anayekuhofia:
"Plamu zina uchachu, Lamara, na uchachu ni mlinzi.
Chemsha chupa majini, yatosha.
Maharage hayana mlinzi.
Hayo ni ya sufuria ya presha, na jicho kwenye saa,
na wewe usiende kupiga soga uani kwa Nargiza."

Kisha tulikaa kimya tukisubiri vifuniko vipoe,
vijinyonye ndani: tik.
Tik.
Alivihesabu kama anayehesabu watoto kabla ya kukomea mlango.
Kilichonyamaza alikitenga. Kiliwe leo leo.

Alifariki Februari, theluji ikiwa imelemea paa.
Rafu zilibaki na mwandiko wake kwenye vipande vya plasta:
"Nyanya." "Plamu, sukari kidogo, za Zurabi."
"Maharage, 14 Agosti," na ile nne imepinda, imeteleza.

Zurabi alikula polepole,
chupa moja kwa mwezi, mkate bila maneno.

Ikabaki ya maharage.
Niliishusha kwenye mwanga. Maji yake maangavu.
Kifuniko kimeinuka kidogo tu,
kiasi cha kidole kupita juu yake na kujua.
Nilikibonyeza. Kikarudi.

"Kijiko kimoja," Zurabi akasema. "Ni mkono wa mama."
Mkono wa mama ndio uliowahi kukipiga kijiko changu
kikaruka hadi chini ya jiko:
"Sumu hii haina harufu, haina ladha.
Anayeionja ndiye kipimo chake!"

Sikuifungua.
Niliivika mifuko miwili, nikafunga kwa kamba.
Akachimba yeye, nyuma ya ua, mbali na kuku,
shimo refu kuliko haja,
na kabla ya kuifukia akaomba abandue plasta.
Iko kwenye pochi yake, nyuma ya kitambulisho.

Nilinawa kwa sabuni, mara mbili.
Sikumwambia kwamba ile tarehe kumi na nne,
mikono ya mama ilipoanza kutetemeka
na saa ikamponyoka,
mimi nilikuwa uani kwa Nargiza, nacheka.