Mpigo wa Saa Tisa

Bergsveinn hapendi kuitwa mgonjwa.
Kwenye skrini yangu ni mstari wa saba kutoka juu,
wa kijani, mwembamba, unaopanda na kushuka
kama mshono wa fundi asiye na haraka:
hamsini na nane, hamsini na nane, sitini,
na anapogeuka kitandani, sitini na nne.

Kati yetu kuna milima mitatu na barabara
ambayo theluji huifunga hata mwezi wa Mei.
Mimi niko Ísafjörður, ghorofa ya pili, zamu ya usiku,
chai imepoa, soksi zimelowa.
Yeye yuko mwisho wa ghuba,
na kondoo mia mbili na kumi, na redio,
na bangili ya plastiki niliyomfunga mwenyewe
mwezi wa Oktoba, akinung'unika:
"Hata mbwa wangu sijawahi kumfunga."

Alikubali kwa sababu moja, na hakuitaja.
Niliisoma kwenye faili. Hallbera, mkewe,
alizimika usiku wa manane, juu ya kochi,
naye alikuwa bandani, taa mkononi,
akimzalisha kondoo.

Nimemzoea kwa namna isiyoandikwa kwenye mkataba.
Najua kahawa yake ya kwanza: sitini na tisa.
Najua ngazi za darini: themanini na moja.
Jumapili, bintiye anapopiga kutoka Kopenhageni,
mapigo hupanda kabla hajainua simu,
hushuka akishaiweka,
kisha hukaa chini, chini kuliko kawaida, hadi usingizi.
Sijawahi kumwambia kwamba naliona hilo.
Nimepewa dirisha, sikupewa mlango.

Saa tisa na dakika kumi kengele ikalia.
Mia na arobaini.
Mia na arobaini na nane.
Joto la ngozi thelathini na nne, linashuka.
Oksijeni haisomeki.

Nikapiga simu. Haikupokelewa.
Nikapiga tena. Nikamwamsha daktari,
daktari akamwamsha rubani, rubani akachungulia nje
theluji ikipita mlalo, akasema: dakika ishirini, labda.
Mia na sitini.
Nikaanza kuongea na skrini, mimi, mtu mzima:
"Tulia, mzee. Tulia. Usiende na wewe."

Mara ya tano akapokea, anahema.
"Nani anapiga saa hizi? Nina kazi."
"Bergsveinn, moyo wako..."
"Moyo wangu upo. Bangili sijaivaa mimi."
Nyuma yake nikasikia sauti nyembamba, kama bawaba kavu.
"Nimemvalisha huyu. Kazaliwa barafuni, mama kamkataa.
Inabidi nitoke kuwatafuta wengine,
na sikutaka abaki peke yake.
Nikasema, yupo Ásdís kule Ísafjörður,
yeye halali."

Nilitakiwa kumkaripia. Ipo hata fomu yake.
Rubani alishavaa buti moja.
Nikamwomba daktari radhi, nikamwomba rubani radhi,
nikarudi kitini.
"Mfunike," nikasema. "Namwangalia.
Lakini wewe piga simu kila nusu saa,
nisikie unavyohema."

Thelathini na tano.
Thelathini na sita na nusu.
Kati ya namba na namba, simu: upepo, pumzi,
"Nimepata wawili," na kukata.
Thelathini na nane.
Kwenye daftari, mbele ya mstari wa saba,
jina la mgonjwa sikulibadilisha.

Saa kumi na mbili na robo mapigo yakaruka,
yakaruka tena,
kisha mstari ukalala, bapa kabisa.
Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Amesimama," akasema. "Imemvuka."

"Basi ivae wewe."

"Inanuka kondoo."

"Ivae hivyohivyo."