Tiketi ya Kushukia Uvinza

Saa tatu usiku, Tabora. Stesheni ya Mjerumani
inatuchelewesha kwa adabu zote:
kengele, tangazo, kimya, tangazo.
Nina tiketi ya kushukia Uvinza
na nyundo ya baba ndani ya kanga,
mpini umelainika kwa viganja vyake.

Baba, Mihayo wa genge la Usoke,
hakupanda treni hii hata mara moja kama abiria.
Aliigonga reli alfajiri, akainamisha sikio:
nzima hulia ngeng,
yenye ufa husema du, kama mtu aliyezoea kukana.
Hakuniachia shamba. Aliniachia kusikia.

Urambo, tumbaku inanuka gizani.
Kaliua, asali kwenye chupa za konyagi.
Nimelipa, chenji bado, behewa limeshaondoka,
na kijana wa asali anakimbia, anakimbia,
ananirushia mia tano aliyoiviringisha kwenye kizibo.
Mungu ampe miguu.

Miguu.
Hapa walipita wapagazi kabla ya mataruma,
chumvi begani, chumvi machoni,
njia yenyewe upana wa mtu mmoja na kivuli chake.
Reli haikutafuta pa kupita. Ilipakuta.
Wenye njia wakaajiriwa kuchimba tuta.

Malagarasi, kunapambazuka. Daraja linasema chini ya sakafu
nami natega: ngeng, ngeng, ngeng,
na mara moja, karibu na ukingo wa pili,
du.
Mkagua tiketi amelala, kofia usoni.

Uvinza. Maji ya chumvi yanachemka kutoka ardhini
huku bahari haijawahi kusikia habari zake.
Tangi limeliwa na kutu, bomba halijui linakokwenda,
na chini ya yote hayo, vigae, vigae,
vya vyungu vya wachemshaji wa zamani,
unavikanyaga kama maganda ya karanga.
Bi Ntahondi wa getini anaokota kimoja:
"Weka kidole hapa."
Alama ya gumba kwenye udongo,
dogo kuliko langu. La mtoto, pengine,
aliyeitwa akamsaidie mama.

Nakifungulia kanga. Nakigonga
taratibu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.
Kipande tu, na bado:
ngeng.

Bi Ntahondi anacheka. Mimi nimeshageuka,
nakimbia na nyundo mkononi
kumtafuta stesheni masta,
daraja lile.