Bwana Stakabadhi

Jumatano, saa moja na nusu, Tukuyu.
Mvua iligonga bati hadi sauti ikapotea,
tukasoma midomo yako kwenye kioo:
"Dawa ya deni?"
Na sebule nzima ya Subilaga,
watu kumi na saba, mmoja na kuku kwapani,
ikajibu: "Kulipa!"

Tulikuchukia kwa raha zote.
Koti lile la kijivu, kalamu sikioni,
ulivyolamba kidole kabla ya kufunua daftari
kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

Kumbe ulikuwa Ambakisye wa Kiwira,
mpole, mwenye kigugumizi
kilichokutoka pale tu kamera ilipowaka.
Ulikuja dukani na mwavuli uliovunjika mbavu,
ukakopa sukari nusu kilo, betri mbili,
ukaona haya.

Leo tumekuzika kati ya migomba, ukungu bado chini.
Mtoto mmoja akanong'ona: "Dawa ya deni?"
Hakuna aliyejibu.

Jioni Subilaga amefungua daftari la duka,
amelamba kidole.
Upo. Sukari nusu, betri mbili.
Kalamu ameirudisha sikioni.
Hafuti, anasema.
Akifuta, utarudi kufuata nini?